Mpango wa Mama, Binti na Mjukuu

Jumamosi, tarehe 7 Februari 2026. Asubuhi ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye majani ya migomba, na baridi ilikuwa ya kuvaa koti ndani ya nyumba. Mwalimu Salvina, anayetufundisha masomo ya jioni, hutuambia kwamba anayesimulia jambo aanze na tarehe na hali ya hewa, ili hata akishawishika kudanganya mbele ya safari, mwanzo wake uwe wa kweli. Basi nimeanza hivyo. Yanayofuata nayo ni ya kweli, ingawa ningependa yawe yalimpata mtu mwingine.

Siku hiyo mke wangu Auleria aliuza mbuzi. Alikuwa na mbuzi wawili, wote majike, wote aliowanunua kwa maharage aliyolima mwenyewe. Alimpeleka mmoja Kayanga, akarudi na elfu themanini na tano, akatoa ya sukari na sabuni, kisha akaniwekea mkononi elfu sabini.

"Baba Jovitha, hii ni ya mtihani," akasema. "Ada, picha na nauli. Usipite nayo mahali."

Mimi ni Projest, mkulima wa kahawa na ndizi hapa Bugene, mwenye miaka hamsini na miwili. Shule niliiacha nilipomaliza darasa la saba. Huu ni mwaka wa tatu nasoma jioni na watu wazima wenzangu, ili nifanye mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Usajili wa mwaka huu ulikuwa unafungwa tarehe 28 Februari. Asiyejisajili kufikia siku hiyo anasubiri mwaka mzima.

Nilimshukuru mke wangu, nikamshukuru Mungu, na kabla jua halijazama nikaanza kuona haya. Mbuzi wake kuliwa na mtihani wangu, jambo hilo halikunikalia vizuri. Niliona kwamba mume anayejiheshimu angefanya mtihani na mbuzi akarudi. Nikapiga magoti, nikaomba njia. Jumapili baada ya misa njia ikaja kwa pikipiki, imevaa kofia ya sufi. Ilikuwa shemeji yangu Novatus.

Novatus ni mdogo wake Auleria. Anakaa Bugomora, upande wa Kyerwa. Ananunua maharage kule na kuyauza huku, na amekodi stoo ndogo karibu na kijiwe cha bodaboda. Katika simu yake kuna mchezo wa kindege. Unaweka pesa, kindege kinaruka, na watu wengi mahali nisipopajua wanakaa wanakitazama kama wewe.

"Kinapaa, na namba inapanda pamoja nacho," alinieleza. "Moja na nusu, mbili, tatu, hata ishirini. Ukishuka inapofika mbili, pesa yako inarudi mara mbili. Ukichelewa kikapotea, kimekwenda nayo."

"Na kinapotea wakati gani?"

"Kikitaka."

"Wewe umepata ngapi mpaka sasa?"

"Shemeji, mimi nacheza kwa hasira. Mchezo huu unamtaka msomi kama wewe."

Neno hilo ndilo lililoniponza. Kwa miaka hamsini na miwili hakuna aliyewahi kuniita msomi, na nilikuwa tayari kumwamini wa kwanza.

Alasiri yote nilifikiria nikiwa kibanjani, kwenye shamba langu la migomba, nikipunguza machipukizi. Kila mtu wa huku anajua kwamba shina la mgomba linaachiwa mimea mitatu tu. Mama, ambaye ana mkungu. Binti, atakayezaa mwakani. Mjukuu, ambaye bado ana majani membamba. Mingine yote unaing'oa, maana ukiiacha inamnyonya mama na wote mnakosa. Mimi ndiye ninayewasumbua majirani kwa jambo hili. Nikipita kwenye kibanja cha mtu nikaona shina lenye mimea sita, siwezi kunyamaza.

Nikiwa nimeinama hapo, jembe mkononi, mpango ukanijia. Mama ni elfu moja. Akifa, yaani kindege kikipotea kabla ya mbili, naweka binti, elfu mbili. Binti akifa, naweka mjukuu, elfu nne. Yeyote kati yao akipona, pesa yote iliyokufa inarudi na juu yake nabaki na elfu moja. Wote watatu wakifa, nimepoteza elfu saba, na shina hilo naliacha pale pale, naanza jingine. Elfu sabini ni mashina kumi. Nani ameona mashina kumi yanakufa kwa mpigo? Nilihesabu kwamba nikivuna elfu moja moja mara themanini na tano, mbuzi wa Auleria atakuwa amerudi, na mtihani nimelipia.

Nilisimama, nikaondoa udongo magotini, nikamshukuru Roho Mtakatifu. Leo namwomba radhi kwa kumtaja.

Jumatatu nilikwenda stoo kwa Novatus. Alikaa juu ya gunia la maharage, mimi juu ya jingine, simu katikati yetu. Kabla ya kila mama nilifanya ishara ya msalaba.

"Shemeji," Novatus akasema, "Mungu unamwamsha kwa elfu moja?"

"Vua kofia," nikamwambia.

Akavua. Tulivuna mara sita. Mara mbili mama alikufa binti akapona, na mara moja mjukuu ndiye aliyetuokoa, kindege kikiwa kimegusa mbili na kupotea papo hapo. Nilitoka nikiwa na elfu sita za faida, nikanunua nusu kilo ya nyama. Auleria akauliza imetoka wapi.

"Maarifa," nikajibu.

Aliniangalia, akaangalia nyama, akaendelea kumenya ndizi.

Jumanne jioni tulikuwa na hesabu. Tulikuwa kwenye uwezekano, na Mwalimu Salvina alikuwa ametuagiza kila mmoja alete mfano kutoka kazini kwake. Mwalimu huyu ni rika la binti yangu Jovitha. Akiingia darasani ananiamkia shikamoo kwa heshima zote, naitikia marahaba, halafu ananirudishia daftari lenye sifuri. Tumezoeana hivyo.

Adventina, anayeuza samaki wa kukaanga Kayanga na anayekaa dawati moja nami, alitoa mfano wa samaki kuharibika siku mvua ikikata umeme. Ikafika zamu yangu. Nilisimama ubaoni, nikachora shina, nikaandika mama, binti, mjukuu, na nikaueleza mpango wote. Sikutaja kwamba nimeshaanza. Nilisema "tuseme kuna mtu".

Mwalimu alisikiliza hadi mwisho. "Mchoro ni mzuri sana, mzee Projest," akasema. "Sasa tufanye kwamba kindege kufika mbili na kutofika ni sawa kwa sawa. Wote watatu kufa pamoja ni mara ngapi?"

Hilo nililijua. "Nusu ya nusu ya nusu. Mara moja katika nane."

"Hiyo mara moja, huyo mtu anapoteza ngapi?"

"Elfu saba."

"Na zile mara saba nyingine anapata ngapi?"

"Elfu moja moja." Niliandika saba ubaoni. Kisha nikaitazama ile saba nyingine iliyokuwa pembeni yake.

Adventina ndiye aliyesema, akiwa ameshika shavu. "Kwa hiyo huyo mtu wako, mzee, analima bure."

"Afadhali angekuwa analima bure," Mwalimu akasema. "Mwenye kindege naye anahitaji mafuta. Hakuna aliyewaambia kwamba ni sawa kwa sawa. Kila safari anakata kidogo, na kupanga vizazi vya pesa hakuongezi nafasi ya kindege kufika. Kunabadilisha tu umbo la hasara. Unapata kidogo kidogo mara nyingi, halafu unapoteza kwa pamoja."

Akanipa alama nane kwa kumi. Zilikuwa alama nyingi kuliko zote nilizowahi kupata kwenye hesabu, na nilizipata kwa kuthibitisha ubaoni, kwa chaki na kwa mkono wangu mwenyewe, kwamba mpango wangu haufai.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nilirudi nyumbani nikitembea taratibu, nikaona kwamba Mwalimu amesema ukweli lakini si wote. Amesema saba kwa saba. Maana yake, nikajiambia, sipotezi. Na kama sipotezi, kinachotakiwa ni kitu kidogo sana cha kuongeza juu, na hicho kidogo nitakiomba. Nilikuwa nimempa Mungu kazi ya kulipia mafuta ya kindege.

Jumatano nilivuna mara saba, kisha shina moja likafa. Nikarudi na elfu sabini zile zile. Ijumaa nilivuna mara nne, shina likafa, nikavuna mara tatu. Elfu sabini. Nilikuwa nimekaa juu ya gunia kwa saa nyingi kuliko nilizotumia kwenye kahawa wiki hiyo, na nilikuwa pale pale nilipoanzia, ukiondoa pesa ya bando la Novatus.

"Shemeji, unaonaje twende nyumbani?" Novatus akasema. Hata yeye alikuwa amechoka. "Mimi nikicheza na wewe silii, lakini pia sifurahi. Ni kama kumsindikiza mtu hospitali."

"Nidhamu haina raha," nikamwambia.

Ningeweza kuendelea hivyo polepole hadi nistaafu. Kilichoharibu ni utakatifu wangu. Kwaresima ilikuwa inaanza Jumatano tarehe 18, na katika sala ya Jumapili nilikuwa nimemwahidi Mungu, kwa moyo wote na bila kuombwa, kwamba siku zote arobaini sitagusa kindege. Nilikusudia iwe sadaka yangu. Baadaye nikakumbuka kalenda. Usajili unafungwa tarehe 28, ndani ya Kwaresima. Mbuzi alitakiwa apatikane kabla ya majivu. Nilibakiwa na Jumanne moja.

Jumanne tarehe 17 niliwahi stoo kabla Novatus hajashusha mizigo. Nikaweka mama. Akafa. Binti akafa. Mjukuu akafa, kindege kikiwa kwenye moja na tisini.

"Shina limekufa," Novatus akasema. "Tuhamie jingine."

Ndivyo mpango ulivyosema. Lakini nilihesabu kwamba siku yenyewe ni moja, na hili shina limenipotezea mavuno saba. Nikasema, "Weka kitukuu."

"Nani?"

"Elfu nane."

Aliniangalia, akaweka. Kindege kikapotea hata hakijaruka vizuri. Nikasema kilembwe, elfu kumi na sita. Akaishusha simu.

"Shemeji, wewe ndiye uliyenikataza kuacha mimea minne kwenye shina. Kule Bugomora ulinitukana mbele ya mke wangu."

"Weka."

Kilembwe akafika moja na sitini. Baada ya kilembwe sikuwa na jina. Najua kuna neno lake, lakini halikunijia, maana kichwa kilikuwa na joto. Nilisema tu, "Elfu thelathini na mbili." Nikafumba macho na kuanza Salamu Maria. Sikufika "umejaa neema".

"Shemeji," Novatus akasema kwa upole, jambo ambalo hajawahi kunifanyia. "Fumbua macho."

Elfu sitini na tatu. Mimea sita kwenye shina moja. Zilibaki elfu saba, shina moja kamili, na nitakuwa mwongo nikisema niliondoka nazo. Mama, binti, mjukuu. Walikwenda kwa muda usiozidi wa kufunga viatu. Novatus alivaa kofia yake. Alitaka kunipa elfu kumi za kwake, nikakataa, nikamwomba tu asimwambie dada yake.

"Mimi sitasema," akajibu. "Wewe ndiye utasema. Nakujua."

Kesho yake nilipanga foleni ya majivu. Padre alipoweka kidole kwenye paji langu na kunikumbusha kwamba mimi ni mavumbi, nilitaka kumwambia kwamba ninazo taarifa. Siku hizo nilisali sana kuliko kawaida. Nikipitia sala zangu za wiki ile sioni mahali nilipomuuliza Mungu kama nicheze. Nilimuuliza tu nishukie wapi.

Auleria aliniuliza mara tatu kuhusu usajili. Mara zote nilisema mambo yanaenda. Darasani nilihudhuria kila kipindi, nikakaa karibu na mlango. Niliomba tarehe isogezwe mbele. Niliomba mtandao uharibike nchi nzima. Haya nayaandika kwa sababu niliyaomba kweli.

Ikafika Jumamosi tarehe 28. Jumuiya yetu ilikuwa inasali kwangu asubuhi hiyo. Jua lilikuwa limetoka mapema na kibanja kilikuwa kinanukia majani yaliyokauka. Wakaja watu kumi na wawili, wakiwemo mwenyekiti wetu mama Kantengwa, mjane anayemjua kila mtu tangu ubatizo, na Mwalimu Salvina, kwa sababu naye ni wa jumuiya hii. Tulisali, tukasoma Injili, tukaimba. Auleria akazungusha kibakuli cha kahawa ya kutafuna, na kila mtu akachukua punje mbili tatu, kama tunavyofanya mgeni akifika au neno la maana likitaka kusemwa. Mimi nilichukua punje nyingi, nikajaza mdomo, ili nisiulizwe kitu.

"Mzee Projest," Mwalimu akasema, na hakuwa na nia mbaya hata kidogo, "namba yako ya usajili bado hujaniletea. Mwisho ni leo. Wenzako wote wameshaleta."

Nilitafuna. Watu walisubiri. Kahawa ya kutafuna haimezeki haraka, na nafikiri hata leo wangekuwa wanasubiri kama Auleria asingesema kutoka mlangoni.

"Baba Jovitha. Pesa ilikwenda wapi?"

Nikameza. "Ilipanda kindege," nikasema.

Nikawaeleza yote. Nilianza na shina, nikapita kwa mjukuu, kitukuu, na yule wa sita asiye na jina. Nilipofika kwenye hesabu, Mwalimu Salvina aliinamisha kichwa. "Kumbe yule mtu wa 'tuseme kuna mtu' ulikuwa wewe," akasema. "Na nilikupa nane kwa kumi."

"Nilistahili," nikasema. "Hesabu ilikuwa sahihi."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajifanya anakohoa. Auleria hakucheka. Alitoka nje. Tukasikia mbuzi akilia nyuma ya jiko, kisha akatokea uani amemshika kwa kamba yule wa pili, tumbo likiwa kubwa, kwa kuwa alikuwa na mimba. Alikuwa ameshajifunga kitenge cha safari.

"Kayanga ni karibu," akasema. Hakuniangalia mimi, alimwangalia Mwalimu. "Yule mnunuzi wa siku ile yupo kila Jumamosi. Nikipata bodaboda sasa hivi, atawahi kujisajili?"

Mwalimu alitazama saa. "Atawahi, mama. Ukiondoka sasa."

Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Kwa hili sikuwa nimejiandaa. Nikatoka nje, jumuiya yote ikanifuata na vitabu vya nyimbo mikononi. Nilikuwa najua kabisa ninachokitaka: jina langu kwenye orodha ya mtihani mwaka huu, nikiwa na miaka hamsini na miwili wala si hamsini na mitatu. Na nilimwona mbuzi amesimama, akitafuna ganda la ndizi, hana habari kwamba ndiye aliyekuwa anafuata. Mama alikwisha kuuzwa. Huyu ndiye binti. Na tumboni alikuwa na mjukuu.

Nikashika kamba juu kidogo ya mkono wa Auleria.

"Achia, utachelewa," akasema.

"Sitakwenda."

"Umesoma miaka mitatu."

"Nitasoma wa nne. Huyu arudi bandani."

Hakuachia kamba. "Maneno yako nimeyazoea," akasema. "Uliniambia mambo yanaenda."

Mama Kantengwa alisogea, kibakuli cha kahawa mkononi. Akampa Auleria punje moja, akanipa mimi moja. "Basi aseme mbele yetu," akasema. "Tafuna kwanza, Projest. Safari hii tafuna moja."

Nikatafuna. Nikasafisha koo. "Ndugu zangu katika Kristo," nikaanza, "kwa kuzingatia udhaifu wa binadamu, nitajitahidi, kwa awamu tatu..."

"Ondoa awamu," mama Kantengwa akasema. "Na 'nitajitahidi' uliitumia kwa pombe ya rubisi Kwaresima iliyopita, na tulikuona Pasaka haijafika. Sema kama mtu anayemwita mbuzi wake."

Adventina hakuwepo, namshukuru Mungu. Wengine kumi na wawili walikuwepo, na Auleria, na kamba kati yetu. Nilimtazama mke wangu, nikasema kwa sauti, ili hata waliokuwa mlangoni wasikie:

"Mbuzi huyu hauzwi kwa ajili yangu. Sitaweka tena hata shilingi mia kwenye mchezo wa kubahatisha, uwe na mpango au usiwe nao. Na mwakani, siku kama ya leo, nitakuwa nimeshajisajili kwa kahawa niliyochuma kwa mikono hii, na pesa hiyo ataibeba Auleria mwenyewe, mimi nitatembea nyuma yake."